Ugumba: Jambo la Wawili, Si la Mke Peke Yake

Utangulizi

Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki ndoa huhesabiwa kuwa imetimia pale inapojaliwa mtoto. Mtoto hurithi jina, huunganisha koo mbili, na huwa tegemeo la wazazi wake uzeeni. Kwa sababu hiyo, mwaka unapopita bila ya mimba, na kisha wa pili, jambo ambalo kwa asili yake ni la mwili hugeuka kuwa kesi, na mshtakiwa aghalabu ni mke. Mke huyo huulizwa habari za ujana wake, hupelekwa kutoka kwa mganga mmoja hadi mwingine, na mara nyingine hurudishwa kwao au huletewa mke mwenza. Mume, ambaye hajapimwa hata siku moja, huhesabiwa kuwa mzima.

Elimu ya viumbe haiungi mkono hukumu hiyo. Imedhihirika kwamba katika karibu nusu ya ndoa zenye tatizo hili mume naye ana sehemu katika sababu, ama peke yake ama pamoja na mke. Makala haya yanaeleza jinsi mimba inavyotungwa, mambo yanayoizuia, utaratibu wa kuyachunguza, na njia za kuyakinga. Mwalimu wa baiolojia anaweza kuyatumia pamoja na somo la uzazi wa binadamu.

Maana ya ugumba

Shirika la Afya Duniani hueleza ugumba kuwa ni hali ya kukosa mimba baada ya mume na mke kukutana kimwili mara kwa mara, bila ya kinga wala dawa ya kuzuia mimba, kwa muda wa miezi 12 au zaidi. Katika taarifa yake ya mwaka 2023 Shirika hilo lilikadiria kwamba mtu mzima mmoja kati ya sita duniani hupatwa na hali hiyo wakati fulani wa maisha yake.

Ugumba ni wa namna mbili. Namna ya kwanza ni ule wa watu ambao hawajapata mimba kamwe. Namna ya pili ni ule wa watu waliopata mimba hapo awali lakini wameshindwa kuipata tena. Ni muhimu kuzikumbuka namna zote mbili, kwa kuwa mtu aliyewahi kuzaa huaminiwa kuwa hawezi kuwa na kasoro. Imani hiyo si sahihi. Mwanamke aliyezaa salama anaweza kuziba mirija kwa sababu ya maambukizo yaliyofuata uzazi huo, na mwanamume mwenye watoto anaweza kupungukiwa na mbegu miaka kadhaa baadaye.

Kwa nini miezi 12?

Huenda mwanafunzi akauliza kwa nini wataalamu wakachagua miezi 12 badala ya mitatu au sita. Jibu linapatikana kwa hesabu ya kawaida ya uwezekano. Hata kwa vijana wawili wenye afya njema, mimba haitungwi kila mwezi. Nafasi yao ni karibu moja katika tano. Tuchukue ndoa 100 za namna hiyo. Baada ya mwezi mmoja ndoa 20 zitakuwa zimepata mimba, na 80 zitakuwa bado. Mwezi wa pili moja katika tano ya hizo 80 zitafanikiwa, zibaki 64. Tukiendelea kuzidisha kwa 0.8, baada ya miezi 6 zitabaki kama 26, na baada ya miezi 12 zitabaki 7 tu.

Katika maisha halisi zinazobaki baada ya mwaka mmoja hukaribia 15 katika 100, kwa maana ndoa zote hazina nafasi sawa. Hata hivyo fundisho ni lile lile: kukosa mimba kwa miezi mitatu au minne ni jambo la kawaida kabisa, wala si ugonjwa, kukosa kwa mwaka mzima ni dalili inayostahili uchunguzi. Iwapo mke ametimiza miaka 35, wataalamu hushauri uchunguzi uanze baada ya miezi 6, kwa kuwa kuanzia umri huo idadi na ubora wa mayai hupungua kwa haraka zaidi. Vivyo hivyo hakuna haja ya kungoja mwaka iwapo hedhi haionekani kwa miezi mingi, au iwapo mmoja wao amewahi kuugua sana viungo vya uzazi.

Masharti manne ya mimba

Ili mimba itungwe na kukua hapana budi masharti manne yatimizwe kwa pamoja. Lazima liwepo yai lililopevuka. Lazima ziwepo mbegu za kiume za kutosha na zenye nguvu ya kwenda. Lazima iwepo njia iliyo wazi ya kuvikutanisha viwili hivyo. Na lazima mji wa mimba uwe tayari kupokea kilichotungwa. Sharti moja likikosekana, mengine matatu hayafai kitu.

Yai huachiliwa na ovari mara moja katika kila mzunguko wa hedhi. Katika miaka ya 1920, Ogino wa Japani na Knaus wa Austria, kila mmoja kwa utafiti wake, walionyesha kwamba tukio hilo hutangulia hedhi inayofuata kwa siku zipatazo 14. Watu wengi hukosea hapa kwa kuhesabu siku 14 tangu hedhi iliyopita. Mwanamke mwenye mzunguko wa siku 28 huachilia yai karibu na siku ya 14; mwenye mzunguko wa siku 35 huliachilia karibu na siku ya 21. Yai huishi kwa muda usiozidi saa 24 hivi, bali mbegu za kiume zaweza kuishi ndani ya mwili wa mke hadi siku 5. Kwa hiyo siku zenye uwezekano wa mimba ni kama 6 katika kila mzunguko: ile ya kuachiliwa yai na zile tano zinazoitangulia. Baadhi ya ndoa hukosa mimba kwa sababu tu mume anafanya kazi mbali na kurudi nyumbani katika siku zisizofaa.

Mbegu za kiume hutengenezwa katika korodani, ambazo huning'inia nje ya tumbo ili zibaki na ubaridi kidogo kuliko mwili. Kutengeneza mbegu moja hadi ikomae huchukua zaidi ya miezi miwili. Mholanzi Antonie van Leeuwenhoek aliziona mbegu hizo kwa hadubini mwaka 1677, lakini yai la wanyama wanyonyeshao halikutambuliwa mpaka mwaka 1827, lilipoonwa na Karl Ernst von Baer.

Yai na mbegu hukutana katika mrija wa Falopio, unaotoka katika mji wa mimba kuelekea kwenye ovari. Urefu wake ni kama sentimeta 10 hadi 12, na mahali palipo pembamba tundu lake halizidi unene wa uzi. Ndani umetandikwa vinyweleo vidogo sana vinavyopepea na kulisukuma yai taratibu. Mrija huu ndio daraja la uzazi, na ndio kiungo kinachoharibika kwa urahisi kuliko vingine.

Mambo yanayoharibu masharti hayo

Kwa upande wa yai, kasoro kubwa ni kutopevuka kwake. Hali hiyo hutokea pale homoni za ubongo, za tezi ya shingo au za ovari zenyewe zinapokosa uwiano. Mwanamke wa namna hiyo aghalabu hupata hedhi kwa nadra au bila ya mpango. Kukonda mno na kunenepa mno kunaweza pia kulisimamisha yai.

Kwa upande wa mbegu, sababu ni nyingi. Korodani zisizoshuka utotoni, matubwitubwi yanayompata kijana baada ya kubalehe, mishipa ya damu iliyovimba juu ya korodani, na kisonono kinachoziba mirija ya kupitishia mbegu, zote zaweza kupunguza au kumaliza mbegu. Tumbaku na pombe nyingi huzidhuru pia. Katika miaka ya karibuni imeonekana kwamba vijana wanaojidunga homoni ya kiume ili kukuza misuli huzifanya korodani zao ziache kutengeneza mbegu.

Hapa yafaa kutofautisha mambo mawili yanayochanganywa mara nyingi, yaani nguvu za kiume na uwezo wa kuzalisha. Sehemu kubwa ya manii hutoka katika tezi nyingine, na mbegu zenyewe ni sehemu ndogo sana ya majimaji hayo. Mwanamume anaweza kutimiza tendo la ndoa bila ya shida yoyote, na manii yake yakawa hayana mbegu hata moja. Macho hayawezi kuitambua hali hiyo. Hadubini ndiyo inayoitambua.

Kwa upande wa mji wa mimba, uvimbe unaochomoza ndani ya chumba chake au makovu yaliyosalia baada ya kukwanguliwa huweza kukizuia kiinitete kujishika. Si kila uvimbe huleta ugumba. Wanawake wengi wenye uvimbe huzaa bila ya matatizo.

Mirija iliyoziba: tatizo kubwa la Afrika

Kati ya mwaka 1979 na 1984 Shirika la Afya Duniani lilichunguza zaidi ya ndoa 8,000 zisizo na watoto katika nchi 25, kwa kutumia utaratibu mmoja. Matokeo yalionyesha kwamba katika nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara, mirija iliyoharibiwa na maambukizo ilikuwa sababu kubwa ya ugumba wa wanawake, tena kwa kiasi kilichopita sana kile cha mabara mengine.

Maambukizo hayo huanza chini na kupanda juu. Viini vya kisonono na vya klamidia huingia kwa njia ya kujamiiana, hupita katika mlango wa mji wa mimba, na kufika katika mirija. Viini vingine huingia wakati wa kujifungua mahali pachafu au mimba inapoharibiwa kwa vyombo visivyo safi. Mwili hupigana navyo, lakini vita hivyo huacha makovu. Vinyweleo hufa na kuta za mrija hugandana. Klamidia ina hatari ya pekee, kwa sababu wanawake wengi walioambukizwa hawaoni dalili yoyote. Kifua kikuu nacho huweza kufika katika mirija. Kadhalika mayai ya minyoo ya kichocho cha mkojo, ugonjwa uliopo katika sehemu za pwani na visiwa vya Zanzibar, huweza kukwama katika viungo vya uzazi na kuvidhuru.

Uchunguzi wa Weström na wenzake katika mji wa Lund, Sweden, unaonyesha jinsi madhara yanavyojilimbikiza. Miongoni mwa wanawake waliopata uvimbe wa mirija mara moja, 8 katika 100 walibaki na ugumba wa mirija. Waliougua mara mbili, karibu 20. Waliougua mara tatu, 40. Kila ugonjwa mpya uliongeza hatari kwa karibu mara mbili. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Historia ya Afrika Mashariki yenyewe ina ushahidi. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, Buganda na Buhaya zilijulikana kwa kuwa na uzazi mdogo kuliko sehemu jirani, na magonjwa ya zinaa yalitajwa kuwa sababu mojawapo kubwa. Hospitali ya Mulago mjini Kampala ilianza mwaka 1913 kama kituo cha kutibu magonjwa hayo. Penisilini ilipoenea baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, ugumba ulipungua na uzazi ukapanda. Kwa hiyo hali iliyosemwa na wengi kuwa ni laana au asili ya kabila ilikuwa, kwa sehemu kubwa, ni maradhi yanayozuilika.

Utaratibu wa kuchunguza

Kanuni ya kwanza ni kwamba mume na mke waende hospitali pamoja. Kanuni ya pili ni kwamba vipimo vyepesi vitangulie vile vizito. Kanuni hizi hufuata mantiki ile ile ya maabara ya shule: sababu iliyo rahisi kuipima huondolewa kwanza.

Baada ya kuwahoji wote wawili na kuwapima mwili, daktari huagiza manii ya mume yapimwe. Kipimo hiki hakina maumivu na gharama yake ni ndogo ikilinganishwa na vipimo vya mke. Mume hujizuia kwa siku 2 hadi 7, kisha hutoa manii katika chombo safi, nayo hufikishwa katika maabara kabla ya saa moja kupita. Mpimaji huhesabu mbegu, hutazama mwendo wake na umbo lake. Kwa mujibu wa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021, kiwango cha chini cha kulinganishia ni mbegu milioni 16 katika kila mililita. Aliye chini ya kiwango hicho si lazima awe mgumba, na kipimo kimoja kibaya hakitoshi kumhukumu. Hurudiwa baada ya miezi mitatu hivi, wakati kundi jipya la mbegu limekwisha kukomaa.

Kwa mke, hatua ya kwanza ni kujua kama yai hupevuka. Hedhi inayokuja kwa mpango ni dalili njema, na kipimo cha damu cha homoni ya projesteroni, siku 7 kabla ya hedhi inayotazamiwa, huthibitisha. Altrasaundi huonyesha hali ya ovari na mji wa mimba. Mwishowe huja kipimo cha mirija: dawa inayoonekana kwa eksirei hupitishwa katika mlango wa mji wa mimba, na picha huonyesha kama imemwagika upande wa pili au imekwama. Ndoa zinazoanzia kwenye picha hii, au kwenye upasuaji, kabla ya mume kupimwa, hupoteza fedha na muda. Na muda ndicho kitu ambacho mayai ya mke hayawezi kurudishiwa.

Tiba na mipaka yake

Tiba hufuata sababu. Yai lisilopevuka huweza kuchochewa kwa vidonge kama vile klomifeni au letrozoli, chini ya uangalizi wa daktari. Mishipa iliyovimba juu ya korodani na baadhi ya uvimbe wa mji wa mimba huweza kufanyiwa upasuaji. Antibiotiki huua viini vya maradhi, lakini haziondoi kovu lililokwisha kukauka. Ndiyo maana dawa ile ile inayookoa mirija mapema haina msaada ikichelewa miaka mitano. Dawa zinazosemwa kuwa "husafisha kizazi" hazizibui mirija, na kukwangua mji wa mimba bila ya sababu maalumu huweza kuleta maambukizo mapya. Mrija ulioharibika nusu una hatari nyingine: mimba huweza kutunga ndani yake na kuupasua, jambo linaloweza kumwua mama kwa kutokwa damu.

Kwa mirija iliyoziba kabisa sayansi ilipata njia ya kuizunguka. Tarehe 25 Julai 1978, katika mji wa Oldham, Uingereza, alizaliwa Louise Brown, mtoto wa kwanza duniani ambaye mimba yake ilitungishwa nje ya mwili. Mama yake alikuwa na mirija iliyoziba. Robert Edwards, Patrick Steptoe na Jean Purdy walilitoa yai katika ovari, wakalikutanisha na mbegu katika maabara, kisha wakakirudisha kiinitete katika mji wa mimba. Edwards alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2010, wakati wenzake wawili walikwisha kufariki. Mwaka 1992, mjini Brussels, ilitangazwa njia ya kuingiza mbegu moja tu ndani ya yai, ambayo ni msaada mkubwa kwa wanaume wenye mbegu chache. Watoto wa kwanza wa njia ya kutungisha nje ya mwili walizaliwa Uganda mwaka 2004 na Kenya mwaka 2006. Hata hivyo njia hii ina gharama kubwa, haifaulu kila inapojaribiwa, na watu wengi wa mapato ya kawaida hawaifikii. Kwa hiyo kinga bado ni bora kuliko tiba.

Kinga huanza ujanani

Sehemu kubwa ya ugumba unaoonekana mtu akiwa na miaka 30 hupandwa akiwa na miaka 17 au 20. Kijana anayejiepusha na magonjwa ya zinaa, au anayetumia kondomu, anailinda mirija au mbegu zake za baadaye. Aliyekwisha kuambukizwa hana budi kutibiwa mapema, amalize dawa zote, na mwenzake atibiwe pamoja naye. La sivyo ugonjwa hurudi. Kujifungulia mahali safi penye mkunga mwenye ujuzi, na kumpeleka hospitali upesi mwanamke mwenye homa baada ya kujifungua au baada ya mimba kuharibika, ni sehemu ya kinga hiyo.

Yapo pia maoni kwamba sindano na vidonge vya uzazi wa majira huleta ugumba. Ukweli ni kwamba baada ya kuacha vidonge uwezo wa kuzaa hurudi upesi; baada ya sindano ya miezi mitatu huweza kuchelewa kwa miezi kadhaa, lakini hurudi.

Hitimisho

Ugumba una sababu zinazojulikana, zinazopimika, na kwa sehemu kubwa zinazozuilika. Sababu hizo zaweza kuwa kwa mume, kwa mke, au kwa wote wawili, na hakuna awezaye kuzitambua kwa kutazama sura au kwa kusikiliza maneno ya jirani. Zipo pia ndoa ambazo vipimo vyote huwa vizuri na sababu haionekani; hizo nazo hazina mkosaji. Mwanafunzi wa leo ni mume, mke, shemeji na wifi wa kesho. Siku ndugu watakapokaa kikao kuzungumzia ndoa isiyo na mtoto, neno lake moja, kwamba wote wawili wakapimwe kwanza, laweza kuokoa ndoa na heshima ya mtu.

Maswali ya kujadiliwa darasani

1. Mwanamke ana mzunguko wa siku 32. Kadiria siku ya kuachiliwa yai, kisha taja siku sita zenye uwezekano wa mimba.

2. Ikiwa nafasi ya mimba ni moja katika kumi kwa kila mwezi, ndoa ngapi katika 100 zitakuwa bado hazijapata mimba baada ya miezi 6?

3. Mume mwenye mtoto mmoja wa zamani amekataa kupimwa, kwa hoja kwamba amekwisha kuthibitisha uwezo wake. Mjibu kwa hoja mbili za kisayansi.

4. Eleza kwa nini antibiotiki huweza kuzuia ugumba wa mirija lakini haiwezi kuutibu ukiisha kutokea.